Shangazi Yako Amefungua Foleni ya Maziwa

Shangazi yako Chebet ameshinda! Kompyuta kubwa ya ushirika wetu wa maziwa haigandi tena, na meneja aliyetaka kumfukuza sasa anamwita Madam!

Hamjambo huko Mombasa, Kiprop wangu? Sisi tuko sawa, na ng'ombe mweupe amezaa.

Umeniuliza alifanya nini hasa. Alinieleza jikoni. Rekodi za wakulima zilikuwa zinangoja kwenye memori mpaka zirundikane, halafu zinamwagwa zote kwa diski kwa mpigo. Hapo kila kitu kinasimama, hata kupokea maziwa, nayo yanachacha kwenye foleni. Basi akaingia kwa kernel, ile roho ya mashine inayopanga kazi zote, akashusha kiwango cha rekodi zinazongojwa ili zianze kuandikwa mapema, kidogo kidogo.

Nikacheka! "Chebet, hiyo nilifanya Ainabkoi kabla hujazaliwa!"

Nikiwa msichana nilipokea maziwa ya wakulima pale kituoni. Tulikuwa tunangoja mikebe yote ijae ndipo tumwage kwa tangi, na wakulima wanatupigia kelele. Siku moja nikamwaga mkebe wa kwanza ulipojaa tu. Mwenzangu akanifokea, "Wewe, unataka kutuchosha?" Lakini foleni ikatembea, na jioni tulikuwa bado tunacheka.

"Kumbe kernel ni wewe, Mama," Chebet akasema. Unaona sasa? Hakuokota akili barabarani!

Mursik, maziwa yetu ya mgando, iko tayari kwa kibuyu, njooni tumpongeze shangazi. Lakini msije wote kwa mpigo mkanigandisha mlangoni. Anzeni kufika asubuhi, wachache wachache, Jumamosi ya kwanza ya Desemba.

Nyanya yako