Miche Uliyoiacha

Kieran mwanangu,

Huko mjini unakula? Mbegu za yale maua ya mguu-wa-kangaruu, ulizozifukiza moshi ili ziamke, zimeota zote. Marehemu baba yako angesema, "Leo umepatia, mvivu wewe!"

Mvua bado. Jirani yetu Thelma tumemzika Alhamisi; moto wa nyika ulimkuta kitandani.

Polisi alikuja kuuliza nani aliwasha majani ya kufukizia mbegu siku ile ya upepo, wakati kuwasha moto kumepigwa marufuku, kisha akaondoka bila kuyazima.

"Bi Noreen, usinizungushe."

Nikamwambia ni mimi.

Jumatatu watakuja kunichukua. Wewe rudi, uimwagilie miche asubuhi kabla jua halijawa kali. Na safari hii, tafadhali, usiondoke ukaiacha.

Mama yako,
Noreen