Barua Zangu Ulizozisoma Ndivyo Sivyo

Mama Lusekelo,

Nimekaa jikoni kwenye kigoda chako. Kalamu ni ya Lusekelo, karatasi nimeichana katikati ya daftari la Ipyana, na mvua inanyesha kama ilivyo desturi yake. Sisi huku hatujambo, ila Bupe ana kidonda cha paja kinachoendelea kupona, na mimi nina hasira na wewe. Nalisema mapema ili usije ukadhani nimeandika barua ya kukulilia. Kulia nimeshalia, watu wa Ikuti ni mashahidi. Hii utaisoma mwenyewe, neno kwa neno, na safari hii hakuna mtoto aliyekaa mbele yako akisubiri umsomee.

Kwanza habari. Tangu tukulaze pale nyuma ya nyumba kwenye migomba, dada yangu alikaa na watoto miezi miwili, halafu nikarudi mimi. Kile kiwanda cha nguo kule Mbeya ulikiacha kinachechemea, sasa kimefungwa. Walituita uwanjani wakatuambia biashara imeachiwa huru, atakayekinunua atakuja na watu wake. Mitumba imejaa soko la Tukuyu mpaka mimi niliyefuma vitambaa miaka kumi na mmoja navaa shati lililovaliwa na mtu mwingine, huko sijui wapi. Nikafunga sanduku langu nikaja moja kwa moja. Nilijipa moyo kwamba angalau watoto watapata baba wa kila siku badala ya baba wa mwisho wa mwezi.

Hukuniambia kwamba huyo baba walikuwa hawamtaki.

Siku ya kwanza nilipika mbalaga. Ndizi zilikuwa ngumu, maharage yamekaa motoni hayakuiva, chumvi nimeitia mara mbili. Watoto wakala wote kimya mpaka sahani zikawa nyeupe. Ipyana akasema ahsante baba. Mimi ndiye niliyetema. Nikawaangalia wale watoto watatu, nikajiona nimebarikiwa kuwa na watoto wenye adabu namna ile. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Unakumbuka nilivyokuwa nikijisifu. Nikishuka kwenye basi mwisho wa mwezi, wanaacha kucheza, wanasimama mstari, wananisalimia macho chini. Nikiingia ndani wanatoka, nikitoka wanaingia. Kazini niliwaambia wenzangu, wanangu wananitila. Unajua Kinyakyusa chetu, kutila ni kuheshimu na kutila ni kuogopa, neno ni hilo hilo, na mimi nililichukua kwa upande ulionifurahisha. Nikakwambia ndaga, ahsante mama, umenilelea watoto. Ukacheka ukaangalia pembeni. Nilidhani unaona aibu kusifiwa.

Na wewe kutila ulikuwa unakujua. Baba yangu ulimtila kama wanawake wote wa kwetu wanavyomtila baba mkwe, wasikutane naye uso kwa uso. Ile siku tunatoka Lufingo, Lusekelo akiwa mchanga mgongoni mwako, tukamwona mzee anakuja na fimbo yake. Ukachupa ndani ya shamba la chai la watu, ukachutama katikati ya mistari mpaka apite. Mtoto akaanza kucheka kwa sauti huko huko kwenye chai, mzee akajifanya hasikii, akakaza mwendo. Tulicheka njia nzima. Ile ilikuwa heshima, na mzee alijua ni heshima, na wewe ulijua. Hii uliyowafundisha wanangu, nieleze ni nini.

Nikueleze la Jumatano.

Bupe alikuwa hakai. Anakula amesimama, anachezea mlangoni amesimama. Nikamwita, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani. Nilipoinua gauni lake nikakuta paja limebabuka lote, limefungwa jani la mgomba, na linanuka. Uji ulimmwagikia Jumatatu asubuhi nilipokuwa nakata majani ya ng'ombe. Lusekelo alimpaka dawa ya meno aliyoichukua sandukuni kwangu, Ipyana akakwangua sakafu mahali uji ulipomwagika akapasiriba upya kwa udongo. Wamekaa siku tatu wakimficha mdogo wao nisimwone, mtoto wa miaka sita anaungua na homa, analala chumba kinachofuatana na changu, na anauma meno asinisumbue.

Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Nesi alimsafisha kile kidonda na mtoto hakulia. Mtu mzima angepiga kelele. Nesi akamuuliza kwa upole, mbona hukumwambia baba. Bupe akajibu kwa sauti ndogo, lakini chumba chenyewe ni kidogo: "Baba atanitupa ziwani Masoko. Mama alitusomea."

Nesi aliniangalia. Mama Lusekelo, naomba Mungu usije ukaangaliwa vile huko uliko. Mimi ambaye sijamfinya mtoto hata sikio. Ningesema si kweli, lakini ndivyo wanavyosema wote. Nikachukua dawa nikatoka. Njia nzima kurudi nilimsikia Bupe mgongoni kwangu amejikaza, mikono ameining'iniza, hataki kunishika shingo.

Alitusomea. Nilikuwa nalirudia hilo neno mpaka nyumbani.

Kesho yake nilimfuata Lusekelo kwenye chai. Nilichuma mstari wa pili ili tusitazamane, nikamuuliza taratibu. Akanieleza kama mtu anayetaja aya aliyoikariri. Kila Jumapili mkitoka kanisani uliwaketisha hapa jikoni ukafungua barua yangu iliyoletwa na kondakta. Baba anasema atakayevunja chungu asimkute nyumbani. Baba anasema anayekojoa kitandani atamtupa Masoko, kwa kuwa anapenda maji. Baba anasema ndama akipotea, mchungaji naye apotee. Halafu ulikuwa unakunja karatasi na kuwaambia, msiogope, mkitulia mimi nitamwombea msamaha. Lusekelo anajua kusoma tangu darasa la pili, lakini barua zilikuwa za wakubwa, zilifungiwa sandukuni.

Nilifungua sanduku. Nimezikuta zote, zimepangwa tangu ya kwanza, zimefungwa kwa upindo wa kanga. Umezitunza kuliko nilivyojua kwamba zinatunzwa. Hapo hasira ilichanganyikana na kitu kingine. Nikasoma. Muulize Bupe jino limetoka au bado, likitoka asilitupe mpaka nije nilione. Mwambie Ipyana yule ndama ni wake, ampe jina mwenyewe. Mwambie Lusekelo nimeona hesabu zake, nimewaonyesha wenzangu kiwandani. Kumbe hata jino lilishatupwa juu ya bati zamani, na mimi nilipouliza ukasema mtoto amesahau. Mtoto hakusahau, hakuambiwa.

Nilikuja pale kwenye migomba nikasema niliyoyasema. Kama mnasikia, ulisikia.

Najua ulikuwa peke yako. Watoto watatu, ng'ombe, chai, kuni mbichi, na mume anayeonekana mara moja kwa mwezi akiwa amenyoa ndevu. Najua mkono wako haukujua kupiga na mdomo wako haukujua kufoka. Kila mtu hapa anasema mama Lusekelo alikuwa mpole. Kumbe ukali wako wote uliuweka kinywani mwangu, ukabaki wewe na upole. Ungeniambia tu. Ungesema, baba Lusekelo, huku mimi nimekugeuza fimbo, ukija cheza nao kidogo watoke hofu. Ningecheka. Ningekimbizana nao mpaka bondeni. Badala yake ulikuja kunipokea kituoni, ukanipikia, ukalala ubavuni kwangu, na asubuhi ukanisikiliza nikijisifu kwamba wanangu wananitila. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Waliodanganywa walikuwa wanne, na wa nne ni mimi.

Basi Jumapili niliwaketisha pale pale ulipokuwa unawaketisha. Kifurushi cha barua nilikiweka mapajani. Nilishapanga nitasoma moja baada ya nyingine, na Lusekelo atazame mwandiko mwenyewe, asadiki. Walikaa wamebanana, Bupe katikati amejifunika kitenge chako ambacho hataki kifuliwe. Nikaanza: "Mama yenu alipokuwa akiwasomea barua zangu."

Nikaishia hapo, kwa sababu Ipyana aliinua uso. Miezi mitano tangu nirudi mtoto huyu hajaniangalia machoni, na sasa akaniangalia. Hofu nimeizoea kwake, naijua hata akiwa amenipa mgongo. Hii haikuwa ya kuniogopa mimi. Alikuwa anaogopa nitakachosema juu yako.

Nilikaa na lile neno mdomoni, Mama Lusekelo. Nilikuwa na ushahidi wote mapajani. Nikawaza, mama yao alikufa mara moja, na mimi nimekuja na kifurushi ili wamzike tena.

Nikasema: "Alikuwa akiwasomea sawasawa. Mimi nilikuwa mkali. Sasa nimeacha."

Bupe akauliza nimeacha lini. Nikasema Jumatano. Akauliza tena, hata kukojoa? Nikasema hata kukojoa.

Basi wakafunguka. Bupe akasema anakojoa karibu kila siku tangu ufe. Kumbe Lusekelo alikuwa anaamka alfajiri kukausha shuka juu ya moto na mvua hii, na mimi nilikuwa namsifu kwamba anawahi kuwasha jiko. Ipyana akasema ndama anaitwa Redio kwa sababu hanyamazi, na jina hilo alikuwa analitamka machungani tu. Akasema pia kioo cha taa kilichovunjika hakikuvunjwa na paka. Lusekelo alikuwa wa mwisho. Akasema, "Baba, chakula chako hakiliki." Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Siku hizi nyumba ina kelele. Jana wamegombania ukoko wa wali mpaka Ipyana akalia, na hakuna aliyejificha nilipoingia. Lusekelo amenifundisha kuweka ndizi kabla ya maharage hayajakauka maji. Bupe namfunga kidonda mwenyewe asubuhi, ananiamrisha, polepole baba, polepole. Juzi nilipombeba kwenda kubadilisha dawa alinishika shingo, tena alinikaba. Ulikuwa unayapata haya kila siku, miaka yote ile, na mimi ulikuwa unanipa ile salamu ya mstari.

Lakini sikia lililofuata. Mwalimu wa Bupe wa shule ya Jumapili alikuja kumjulia hali, na mtoto akamtangazia kwamba baba ameacha ukali Jumatano. Alhamisi nikaletewa mzee wa kanisa na akina mama wawili. Wakanishika mikono, wakaomba, wakaimba ubeti mmoja. Mzee akaniambia, "Mwanangu, tulijua siku nyingi. Tulikosa namna ya kukuambia." Walijua siku nyingi. Kwa hiyo miaka ile yote nikishuka kwenye basi na mkate wangu kwapani, nikiwapungia watu barabarani, Ikuti yote ilikuwa inamwangalia mtu anayetupa watoto ziwani. Wakaniomba Jumapili hii, yaani kesho, nisimame kanisani nitoe ushuhuda, niwasaidie akina baba wengine.

Nilitaka kuwafukuza. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni wote watatu, wananiangalia kama watu wenye mzazi wa kujivunia. Nikasema nitakuja.

Zile barua nimeziteketeza leo mchana. Zimechemsha maharage, na safari hii yameiva. Hii nayo nikiimaliza itaingia humo humo, kwa hiyo kama umeisoma, basi umeisoma. Hawatajua kutoka kwangu, wala wakiwa wakubwa, wala siku nikifa. Hiyo ni ahadi, na mimi ahadi zangu sizisomi vingine.

Kesho nitavaa lile shati la mtumba, nitasimama mbele, nitasema nilikuwa nawatisha wanangu kwa barua kutoka Mbeya na mama yao ndiye aliyekuwa akiwatuliza. Wanawake watatikisa vichwa. Watakuombea wewe uliyevumilia. Wewe ulinisingizia jikoni mbele ya watoto watatu. Mimi nitajisingizia mbele ya kanisa zima, na watoto hao hao wamekaa benchi la kwanza.

Pumzika, Mama Lusekelo. Jina lako nitalirudisha nyumbani safi. Kukusamehe bado.

Mimi,
Baba Lusekelo