Philomène Carle, Mwenye Nyumba wa Ottawa

Mwaka umetimia leo, Philomène, tangu ulale usiamke, tarehe tisa Februari, hapa nyumbani Kitigan Zibi. Watoto wamenipa kalamu mimi mumeo, Basil, kwa kuwa wao wakianza kuandika wanalia. Mimi silii nikiandika. Nalia nikiosha vyombo.

Uliendesha basi la shule miaka thelathini na moja. Kila mtoto aliyepanda ulimwamkia kwa Kialgonkini, na asipojibu kwa Kialgonkini basi halikuondoka. Walimu walipolalamika uliwaambia, "Wakinijibu upesi, tutafika upesi." Hadi leo kuna wanaume wazima wenye ndevu wanaonisalimu dukani kwa lugha yetu, kisha wanatazama huku na huku kama vile bado upo.

Ulikuwa mkali, tusidanganyane. Lakini mgonjwa yeyote kijijini alipata supu yako ya samaki kabla hajamwona daktari.

Kisha ikaja habari ya ile nyumba. Serikali ilitoa jengo mkabala na Bunge, Ottawa, liwe nyumba ya watu wa asili wa nchi nzima, waiongoze wenyewe. Jambo jema. Ila Ottawa imesimama kwenye ardhi yetu Waalgonkini, na kwenye barua ya mwaliko waliyotuletea sisi tukaandikwa "wageni waalikwa". Uliisoma ukiwa umesimama. "Wageni? Kwetu?" Ukaapa hutakanyaga humo mpaka tuandikwe wenyeji.

Hapo ndipo nilipokuponza. Kijana wa ofisi ya nyumba ile alikuja na tumbaku iliyofungwa kwenye kitambaa chekundu, akuombe ufungue mkutano wao kwa sala. Ulikuwa umekwenda kutazama mitego ya sungura. Nikapokea mimi, nikashukuru, nikajaza kiko. Uliporudi ukanusa hewa.

"Mzee, unavuta nini?"

"Tumbaku ya yule kijana. Nzuri kweli."

"Ewe Basil! Lile lilikuwa ombi! Aliyepokea tumbaku ameshakubali. Umenikubalia mimi, tena ukavuta!"

"Nusu imebaki," nikasema.

Siku mbili ulinifichia kiko. Ya tatu ukasema, "Maji yakimwagika hayazoleki. Nitakwenda. Lakini hakusema nisali kama mgeni."

Novemba ile nilikupeleka Ottawa. Ulitangulia kuingia, ukawafungia wote mlango: viongozi kutoka magharibi, Wainuit kutoka kaskazini, na naibu waziri na viatu vyake vyembamba kwenye theluji. Wakagonga. Wakanitazama mimi, nami nikatazama barabara.

Hatimaye Jaypeetee, yule mzee wa Kiinuit aliyekuwa mwenyekiti wao, akacheka hadi akakohoa. "Jamani, tumekosa adabu. Nchi hii ina wenyewe." Akavua kofia. "Hodi, mama!"

"Hodi ya nani?"

"Jaypeetee, mtoto wa Siasi, natoka Pangnirtung. Naomba kuingia kwenu."

Ndipo ukafungua. "Pijashig. Karibu, baba, ingia upate moto." Wakapiga hodi mmoja mmoja, kila mtu akitaja kwao na jina la mama yake. Naibu waziri alikuwa wa mwisho, na jina la mama yake alilitaja kwa sauti ndogo. Ukasali kwa ufupi. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia wewe siku ile, na sikukwambia, kwa sababu njiani ulikuwa ukinigombeza juu ya mwendo wa gari.

Jaypeetee aliahidi kwamba neno "wenyeji" litaingia kwenye katiba ya nyumba. Desemba yote ulikuwa ukiulizia barua. Januari ukaulizia zaidi. Moyo wako ulikuwa umeshachoka, nawe ukatuficha.

Katiba ilitiwa sahihi mwezi Mei. Mstari wa kwanza unasema: "Wenyeji wa nyumba hii ni Waalgonkini." Miezi mitatu tu, Mama Verna! Watu walinipa mkono, wakaniambia nifurahi. Nilikuja kaburini nikakusomea mstari ule kwa sauti, mara mbili, nikangoja. Nimekukasirikia mwaka mzima kwa kutosubiri, na hasira hii sijui niipeleke kwa nani, maana wa kumpelekea ndiwe wewe.

Tunaokukumbuka ni binti yako Verna, mwanao Lionel, dada yako Delima ambaye sasa ndiye mkali wa ukoo, wajukuu wako sita, na mimi Basil.

Siku ya kukusahau haimo katika siku zetu.