Macho ya Treni ya Zombe

Tata,

Nimekasirika. Wacha nianze hapo, kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na kulia nimelia vya kutosha. Nataka kwanza nikugombeze.

Ni mimi, Mwende, binti yako. Nimekaa hapa karakana yetu ya Kambu, kwenye kile kigoda chako chenye mguu mfupi ambacho ulikataa kukitengeneza na wewe ndiye seremala. Malori yanapita, vumbi linaingia kwenye chai. Ng'ombe amezaa ndama wa kike. Mwanao Mutisya alirudi Nairobi baada ya mazishi, na siku hizi akipiga simu ni kuniambia vile yeye angefanya kama angekuwa hapa. Hizo ndizo habari. Sasa tuje kwa treni.

Kwa nini ulimwahidi shangazi Kalunde hiyo treni? Nilikuwa nimesimama hapo hapo ukiongea na dada yako kwa simu. "Watoto wa chekechea ya kanisa lenu hapo Zombe hawajaona treni hata siku moja," ukamwambia. "Nitawatengenezea moja ya mbao, yenye uso. Na macho yake yatatembea." Ukakata simu ukicheka, umefurahi kama mtu aliyemaliza kazi. Halafu ukafa.

Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi shangazi alipopiga. "Mwende, pole sana mwanangu, Mungu akutie nguvu. Na ile treni?"

Unamjua. Aliuliza tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Alikuwa ameshawatangazia watoto, wakaombea treni kanisani, wakaitungia na wimbo. Akanipigia wakiimba nyuma yake ili nisikie. Ningesema nini?

Na treni uliichonga kabla hujafa, hilo sikatai. Ndefu kama benchi ya kanisa, mwili wa mwarobaini, kichwa cha jakaranda, kamba ya kuivutia mbele. Niliipaka rangi mimi mwenyewe, nyekundu na kijani. Uso ulikuwa mzuri, Tata. Shavu moja juu kidogo kuliko lingine, kama mtu anayezuia kicheko kwenye mahubiri. Lakini macho! La kulia lilitazama mbinguni na la kushoto lilitazama mlango. Nikavuta kamba. Magurudumu yakazunguka, kukasikika mlio wa kitu kinachosaga ndani, na macho hayakusogea hata kidogo.

Nikasema sawa, nitafungua nione. Nikakuta umebandika kichwa chote kwa gundi! Wewe ambaye miaka yote ulifunga vichwa kwa skrubu, ukanikaripia nikikaribia chupa ya gundi. "Kitu kinachotembea lazima kifunguke," ulikuwa unasema. Sasa hii?

Kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba hiyo kazi ya macho nilikuwa naijua. Nikiwa mdogo nilikuja nyumbani nikilia kwa sababu treni ya reli ilipita na haikuniangalia. Mama alicheka. Wewe hukucheka. Ulichukua kipande cha mti, na baada ya siku chache nikawa na treni yangu, ndogo, na nikiivuta inaniangalia, kisha inaangalia kuku, kisha inaniangalia tena. Ukanikalisha ukanionyesha ndani. Kila jicho ni mpira wa mti umesimama kwenye msumari wake, na lina mkono mdogo pembeni. Kwenye ekseli ya magurudumu ya mbele kuna kigurudumu chenye umbo la yai. Treni ikienda, lile yai linasukuma spoku ya baiskeli, spoku inasukuma mkono wa jicho la kulia, na kijiti cha nyuma kinalivuta la kushoto lifuate. Springi ya kalamu inayarudisha. Ni hivyo tu. Nilielewa kabla sijajua kusoma vizuri.

Halafu hii miaka ya mwisho ukaanza kunifukuza. Tukifika kwa macho tu, "Mwende, nenda ukachemshe chai." Tata, nimechemsha chai! Nimechemsha mpaka nikachukia majani yenyewe. Narudi nakuta umegeukia ukuta, mabega yameinama. Nikadhani umeamua kuninyima kazi. Nikadhani unamngojea Mutisya arudi umwachie yeye, huyo asiyejua kushika randa. Nikapaka rangi na uchungu wangu moyoni.

Basi nikachukua msumeno mwembamba nikate kichwa. Mama akatokea.

"Wewe, unafanya nini?"

"Nafungua."

"Huo uso ndio kazi ya mwisho ya mikono ya baba yako. Utaukata kama boga?"

Akaibeba treni, nzito vile ilivyo, akaipeleka chumbani kwenu, akaifunika na leso. Ikalala huko upande wako wa kitanda. Nikimwambia watoto wanangoja, ananiambia nichonge nyingine. Nikimwambia ulimwahidi dada yako hii, anageuza uso. Nikampigia Mutisya aongee na mama, akasema, "Chora tu macho na rangi, watoto hawatajua." Nikakata simu. Treni yako ichorwe macho! Ningekutazama aje kaburini?

Aliyeimaliza hiyo vita ni shangazi. Kuamka siku moja hivi, nikamkuta uani na kikapu chake, ametoka Zombe mpaka Kitui, Kitui mpaka Kibwezi, Kibwezi mpaka hapa, na magoti yake yale. Akakataa uji. Akakataa hata kukaa.

"Nimekuja kuchukua mzigo wangu," akamwambia mama. "Kama ni kipofu, nitaenda nao ukiwa kipofu."

Sijui kama ni hilo neno. Mama alikaa chini pale pale kwenye ngazi akaanza kulia, si kilio cha mazishi, kingine. Shangazi akashuka akakaa naye, magoti yakilalamika. Wakashikana. Mimi nilibaki nimesimama na sufuria mkononi kama mgeni. Baadaye mama akapangusa uso akaniambia, "Toa. Fungua. Lakini ukivunja pua yake, usiniite mwaitu, usiniite mama tena."

Nilikata taratibu nyuma ya masikio, mahali gundi ilikuwa nyembamba. Kichwa kikafunguka. Nikaangalia ndani, Tata.

Ulitoboa tundu la msumari wa jicho la kushoto, ukakosa, ukatoboa lingine kando yake, na lingine, na lingine. Kumejaa matundu kama mti ulioliwa na wadudu. Spoku uliifunga kwenye mkono wa upande usio wake. Lile yai uliligeuza, likawa linasaga ubao. Na gundi uliimwaga kila mahali, hata kwenye misumari yenyewe, hata kwenye springi. Pembeni kulikuwa na alama za vidole vyako, zimekaukia kwenye gundi, nyingi nyingi. Ulikuwa unapapasa.

Ulikuwa huoni.

Nikaanza kukumbuka, na kila nilichokumbuka kilinizidishia hasira. Vile uliacha kusoma Biblia asubuhi ukasema sauti yangu ni nzuri kuliko yako. Vile uliniuliza, "Hii nyekundu ni ile ya juzi?" na mkononi ulikuwa umeshika kijani, na mimi nikacheka nikidhani ni mzaha. Vile ulikuwa unagusa ukingo wa kikombe kabla ya kumimina. Ulinifukuza ili nisikuone ukitafuta tundu kwa kidole gumba. Mimi nikiumia moyo kwamba hunipendi, kumbe unajificha!

Nikamgeukia mama. Alikuwa ameshaangalia pembeni.

"Ulijua?"

"Daktari alisema ni ule ugonjwa wake wa sukari, umeingia machoni," akasema. "Baba yako alinikataza kukwambia. Alisema ukijua utamwonea huruma, na karakana haiendeshwi na huruma."

Nyinyi wawili! Mngeniambia ningekuwa macho yako. Si huruma, kazi. Wewe ungesema "hapa," mimi ningetoboa hapa. Tungegombana kidogo, ungeniita mwenye mikono mizito, tungekunywa chai pamoja badala ya mimi kuichemsha peke yangu kama mfungwa. Hiyo miaka uliniibia, Tata. Na sina wa kumshtaki.

Nilitengeneza. Nilikwangua gundi yako kwa patasi mpaka vidole vikavimba, nikaziba yale matundu na vijiti. Yote isipokuwa moja, la kwanza kabisa, ambalo lilikuwa limekaa sawa na hukujua. Ulipatia mara ya kwanza kisha ukaendelea kutafuta! Nikaweka msumari hapo. Macho ni yale yale uliyochonga, sikuyabadilisha. Kichwa nimekifunga na skrubu. Mkato unaonekana nyuma ya masikio ukiangalia vizuri, na pua ni nzima, mama ameikagua.

Tukaipeleka Zombe sote watatu. Shangazi aliomba maombi marefu mpaka watoto wakaanza kukaa chini mmoja mmoja. Kisha akampa kamba msichana mmoja mwenye gauni la njano, akavuta. Macho yakaenda kulia. Yakarudi. La kushoto linachelewa kidogo, nakwambia ukweli, nimejaribu kila kitu na bado linachelewa. Yule msichana akaachilia kamba akapiga kelele, "Inaniangalia!" Mwingine akasema, "Si wewe, ni mimi!" Wakaanza kusukumana wote, kila mtu anataka kuangaliwa, mwalimu anapiga makofi wasikie, hakuna anayesikia. Mama alikuwa amesimama kando yangu. Akauliza, "Yanatembea?" Nikasema yanatembea. Akashika mkono wangu.

Nilidhani ameuliza kwa sababu ya machozi.

Jana alikuja mlangoni mwa karakana akasimama, akaangalia ndani, akaniuliza kwa heshima ni nani huyo fundi mgeni niliyemwajiri, na mbona simpi kiti. Hakukuwa na mtu, Tata. Ni koti lako kwenye msumari.

"Mama, unaona vizuri?"

"Naona vizuri sana. Ni hili vumbi la malori."

Nilitaka kuvunja kitu. Nilitaka nikufukue nikulete usimame hapo umsikie.

Kwa hivyo ahadi yangu kwako ni hii, na si tamu. Jumatatu nampeleka kliniki. Atasema hataki, atasema ng'ombe hajakamuliwa, atasema nywele hazijasukwa. Nitambeba. Daktari akitaka kuongea naye peke yake nitakataa kutoka, na mtu yeyote asinitume chai. Hatapotelea gizani akijifanya anaona, si mbele yangu, si mara ya pili katika nyumba hii.

Wewe pumzika. Bado nimekukasirikia, lakini koti sitalitoa.

Binti yako,
Mwende