Jicho la Kushoto la Qais

Mabawa,
Tanga.
4 Februari, 2025

Mpendwa mdogo wangu Humaid,

Assalaam alaykum. Marahaba, ingawa wiki nzima hii hujaniamkia. Hujambo huko Maskati? Kile kifua chako kimepona? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila joto limetuchosha. Mkeo Shahd anakula vizuri na maziwa ya mtoto yapo.

Simu zangu hupokei, basi barua hii nampa binamu yetu Marwan, anayesafiri Alhamisi. Nimeiandika mara tatu nikaichana. Situlii, Humaid. Jana darasani nimewafundisha watoto wa watu mada ileile niliyowafundisha Ijumaa, wakaniangalia tu.

Kwanza nikiri kosa langu. Ni mimi niliyesema mwanao Qais afunikwe uso kwa kitambaa cha ukaya na asipigwe picha, watu wasije wakamhusudu kabla ya arobaini. Tukamfunika hata sisi wenyewe tusimwone sawasawa. Jumatano iliyopita Loveness, muuguzi wa kliniki, alimfunua akammulika tochi: mboni ya kushoto nyeupe kama tui. Na mimi mwalimu wa baiolojia mzima! Nimelia mpaka kichwa kikauma.

Ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, kazaliwa nao. Wewe ukasema tungoje uje Idi, kwani marehemu babu kule Tongoni alikaa na ugonjwa huohuo miaka sita, akapasuliwa, akatunga uzi kwenye sindano. Kweli alitunga. Lakini babu alikuwa mzee, na hapo ndipo ulipopotea. Sasa nisikilize habari ya paka, na usicheke.

Daktari wa macho ndiye aliyenianzishia, nikaenda kusoma mwenyewe. Picha anayoiona paka hupokelewa kisogoni mwa ubongo. Seli za pale zimegawana kazi: hii hushtuka ikipata mstari uliosimama, ya jirani mstari ulioinama kidogo, nyingine uliolala, na kwa vipande hivyo ubongo huanza kuijenga sura ya kitu. Zimepangwa safu kwa safu, na safu nyingine husikiliza zaidi jicho la kulia, nyingine la kushoto, zikipishana.

Wataalamu walishona kope za jicho moja la paka mchanga, wakazifungua baada ya miezi michache. Maskini, jicho lilikuwa zima kabisa, lakini paka halimsaidii. Karibu seli zote zilikuwa zimehamia kwa jicho la pili. Paka mkubwa akafungwa jicho vivyo hivyo, tena kwa muda mrefu, na alipofunguliwa akaona kama kawaida. Babu alikuwa huyo paka mkubwa, ndugu yangu. Qais ni yule mchanga, na kila siku tunayongoja ndiyo kope zinashonwa.

Leo ana siku thelathini na tatu. Daktari anataka jicho lisafishwe kabla hajatimiza wiki nane, yaani mwezi huuhuu. Tumepewa Jumatatu ijayo, tarehe kumi, kule hospitalini Moshi. Mama ananuna kwamba mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Mama niachie mimi.

Najua unaogopa hiyo dawa ya usingizi kwa mtoto mdogo vile. Na mimi naogopa. Wala sikufichi: hata akipasuliwa, kazi ipo. Atavaa miwani, na jicho la kulia lililo zima litazibwa saa kadhaa kila siku ili la kushoto lijifunze kazi. Daktari hakuahidi kitu. Alichosema ni kwamba ukija Idi, tutamsafisha jicho zuri sana ambalo ubongo haulitaki tena.

Nisalimie Mwinyijuma na wenzako wote wa hapo dukani. Mama anakusalimu pamoja na kununa kwake, na mwanangu Azza anakuamkia shikamoo. Mola akuhifadhi na akupe moyo mwepesi.

Shahd amekataa kutia sahihi fomu ya upasuaji mpaka akusikie wewe mwenyewe. Kwa hiyo nimemwambia Marwan asikukabidhi barua akaondoka. Akae hapohapo mbele yako, hata akeshe, mpaka umpigie mkeo umwambie: nendeni.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
dada yako,
Shariffa