Anakula Mijusi Tu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini u mzima, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio hautulii, na sababu utaiona ukivumilia kusoma.

Unakikumbuka chumba chetu cha nyoka hapa kazini, nilimokutembeza ulipokuja. Nilikueleza kwamba nyoka hao ni ukoo uliobaki kwenye kisiwa kimoja tu, na huko nako mbuzi wamemaliza vichaka na panya wanamaliza mayai. Taya lao la juu lina kiungo katikati. Ukacheka, ukasema hata mimi nimeanza kufanana nao. Basi lile jike lenye mayai tumboni, tegemeo letu sote, limetoweka.

Kufuli halikuvunjwa, kwa hiyo tukaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Mfagizi alimshuku daktari wa wanyama, eti safari zake zimezidi. Daktari akamshuku mfagizi. Mimi nilimshuku mlinzi, yule mzee tunayemwita Babu Redio, kwa sababu kila nikipita alikuwa anaficha kitu kotini. Nikamnong'oneza mkuu wetu. Babu akapekuliwa mbele za watu, yakatoka meno ya bandia. Kumbe yalikuwa yakimbana, akiyavua akawa anaona haya kuonekana kibogoyo. Hata hivyo akasimamishwa kazi, maana funguo huwa kwake.

Jumapili Mama akanipigia simu, anakusifu kweli kweli. Eti wewe uliyekuwa ukimkimbia mjusi mpaka uani, sasa unapanda kiti na kuwakamata ukutani kwa glasi. Tena chumba chako unakifunga kwa kufuli, na yeye anahisi umepata mchumba. Nilicheka naye, kisha nikakata simu nikaanza kuunganisha mambo. Nyoka wetu hawagusi hata kitoto cha panya mpaka tukisugue kwa ngozi ya mjusi. Nilikuonyesha mwenyewe, halafu nikakuachia funguo nilizoazima kwa Babu, nikaenda kunawa mikono. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sijui nani amekuahidi nini. Nimekukasirikia sana, na ninaogopa. Lile jike likifa na mayai yake, hatuna jingine la kuzaa. Usilishike tumboni, wala usilikimbize. Liache lenyewe liingie kwenye giza.

Mkuu wetu nitamweleza mimi, pamoja na habari ya funguo. Babu Redio nimeshamweleza na kumwomba radhi. Alivaa koti lake tu akauliza njia ya kuja kwenu.

Ndiye aliyekuletea barua hii. Nilimwomba asubiri nje mpaka umalize kusoma, na hilo sanduku lenye matundu alilobeba ni la kulirudishia jike. Mkaribishe ndani, mpe kiti, mwamkie kwa heshima yake.

Mama msalimie sana. Habari za mchumba mwambie wewe mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo.