Ahadi Uliyonitolea Kanisani

Kumasi, mwisho wa Januari

Kwako Dada Afriyie,

Salamu nakupa kwa kuwa mama alitulea hivyo, si kwa sababu zimenijaa moyoni. U hali gani huko Tema? Shemeji na watoto hawajambo? Hilo la hali yako naomba ulijibu kwa ukweli, na mbele utajua kwa nini. Mimi ni mzima, ingawa si kwa msaada wako. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijamaliza neno, na karatasi huwezi kuikatiza.

Nianze na ule mkesha wa mwaka mpya, ulipokuja huku Kumasi kwa sikukuu. Wenzako walisimama kanisani kila mmoja akatoa ahadi yake mwenyewe. Huyu ataacha pombe, yule atapatana na mkwewe. Wewe ulisimama ukatoa ya kwangu. Ulimtangazia mchungaji na waumini wote kwamba ifikapo Pasaka mdogo wako Konadu atakuwa amepungua nusu, fufu hataigusa, na kilima cha nyuma ya kanisa atakipanda mbio kila Jumamosi. Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ulipoketi ukaninong'oneza kwamba mtu akishatajwa mbele za watu hawezi kurudi nyuma. Saa sita ilipogonga watu wakaanza kutakiana “Afehyia pa”, na kila aliyenishika mkono alinitazama tumbo kwanza, ndipo akanitakia heri.

Hukuniuliza kama nina mpango wangu. Nilikuwa nao. Tangu mama aanguke kwa presha tukamzika, niliingiwa na hofu, nikaenda zahanati. Muuguzi Lamisi akanipima, akaniambia presha yangu inafuata njia ile ile ya mama. Akanipa vidonge vya kila siku, akasema asubuhi nitembee hadi kituo cha magari na kurudi kabla sijafungua duka la vitambaa, tonge la fufu nilikate nusu, na samaki wa chumvi nimwache. Nikamwambia mbona hiyo si ahadi ya mwaka mpya, hayo ni matembezi tu. Akacheka, akasema ahadi kubwa ndizo zinazomjazia vitanda kila Januari.

Nilipokueleza hayo ulisema ni mwendo wa bibi kizee anayetafuta kuku wake. Ukaniwekea mezani ile chai ya kukata tumbo unayoiuza, ukaniambia vidonge vinanenepesha, niviweke kando. Nami nikaviweka. Nilikutii kwa sababu wewe ndiye dada, na tangu mama aondoke sina mwingine wa kumtii. Hilo linaniuma kuliko yote.

Jumamosi iliyofuata ukanivika ile fulana ya njano yenye jina la chai yako mgongoni, iliyokuwa imenibana hadi pumzi. Ukapuliza filimbi, ngoma ikalia, na kikundi chote cha mazoezi ulichokikusanya hapa kanisani kikaanza kupanda kilima kikiniimba: “Tumbo limefika, Konadu yuko wapi?” Wewe ndiye uliyeanzisha wimbo huo, usikatae, sauti yako naijua. Kichwa kilianza kunigonga, macho yakaingia giza, nikaanguka kando ya chungu cha muuza kenke za mahindi. Neno la mwisho nililolisikia lilikuwa lako: “Mwacheni huyo, anadeka tu. Harufu ya kenke ikimfikia atainuka.” Muuza kenke, mtu asiyenijua, ndiye aliyeacha biashara yake akasimamisha teksi. Wewe, naambiwa, uliingia ndani ya teksi kwa sababu watu walikuwa wanakutazama.

Sasa nisikilize vizuri. Pale zahanati ulidhani nimelala. Nilikuwa nimefumba macho, maana sikutaka kukuona. Nilisikia ukimbeza Lamisi, ukamwambia akupime na wewe ili ajue mtu mwenye afya yukoje. Nikasikia mashine. Akaomba mkono wa pili, akakupima tena. Akakwambia presha yako imeizidi ya mgonjwa aliyelala kitandani, na kwamba asingekushauri uondoke. Ndipo nikakusikia wewe, Afriyie wa filimbi, ukimsihi kwa sauti ya mtoto asimwambie mtu yeyote, hasa mimi, kwani nani atainunua chai yako tena. Jioni ile ile ulirudi Tema, na vidonge alivyokuandalia ukaviacha juu ya meza.

Nimekaa na jambo hilo moyoni. Nilijaribu kulifurahia, dada, kweli nilijaribu. Nikajiona nakucheka. Halafu nikamwona mama sakafuni, mdomo umeenda upande, na furaha yenyewe ikagoma kuja. Hata kwa hilo nakulaumu.

Kwa hiyo nikwambie nililolifanya. Jumapili iliyopita nilisimama kanisani, pale pale uliposimama wewe, nikakutolea ahadi. Nimewaambia waumini wote kwamba dada yangu Afriyie ana presha kama ya mama, kwamba ataiacha chai, atameza vidonge, na kwamba hadi Pasaka atakaa kwangu na kutembea nami kila asubuhi hadi kituo cha magari na kurudi, bila filimbi wala ngoma. Watu wakapiga makofi. Na ulinifundisha mwenyewe kwamba mtu akishatajwa mbele za watu hawezi kurudi nyuma.

Nikasirikie utakavyo, ila njoo unikasirikie hapa. Chumba cha mama nimekifagia, na vidonge vyako ninavyo mimi. Usipokuja nitavaa nguo nyekundu na nyeusi za msiba kwa ajili yako, na nitakuzika nikiwa na hasira hizi hizi.

Wasalimie watoto. Shemeji mwambie ukweli leo, maana wapo waumini wetu wenye ndugu Tema.

Mimi mdogo wako, ambaye bado sijakusamehe,

Konadu